Blue Hole ya Belize: piga hesabu ya hewa kabla ya kushuka

Shimo hili la baharini, kwenye miamba ya matumbawe ya Lighthouse Reef, lina upana wa mita 300 hivi na kina cha zaidi ya mita 120, lakini unachofuata ni mawe yanayoning'inia kama meno kwenye mita 40. Hapo ndipo hewa inapokwisha upesi. Mtungi wa lita 11 uliojazwa hadi shinikizo la baa 200 una lita 2,200 za hewa. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji atavuta 100 kwa dakika kule chini, maana shinikizo la mita 40 ni mara tano, na akipaniki ni mara mbili. Ndiyo maana viongozi wa mbizi hukaa chini dakika 8 tu, kisha hupanda polepole na kusimama mita 5 kwa dakika 3 au zaidi.

Usichukue naitroksi (hewa iliyoongezwa oksijeni) ya asilimia 32 kwa mbizi hii, maana kikomo chake ni kama mita 33. Hewa ya kawaida inatosha. Beba tochi, chini kuna giza.

Samaki hapo ni wachache, tusidanganyane. Rangi utaziona kwenye ukuta wa matumbawe wa kisiwa cha Half Moon Caye, mbizi ya pili. Kisiwani panda jukwaa la kutazamia ndege: wale weupe wenye miguu myekundu hutaga juu ya miti, mkono wako karibu uwafikie. Usiunyooshe.

Kutoka mji wa San Pedro ni saa mbili na zaidi baharini, kwa hiyo dawa ya kichefuchefu imeze kabla ya kupanda boti. Ndege ya kurudi nyumbani iwe saa 18 au zaidi baada ya mbizi ya mwisho.