Mistari, duaradufu na maboksi: mazoezi ya mkono kwa anayeanza kuchora

Penseli na ufutio viweke kando. Mazoezi haya yanataka kalamu ya wino. Yenye ncha ya milimita 0.5 ni nzuri, lakini hata kalamu ya Bic ya dukani inafaa. Wino haufutiki, hivyo utalazimika kufikiri kabla ya kugusa karatasi, na kosa litabaki palepale ulichunguze. Karatasi iwe A4 nyeupe isiyo na mistari. Dakika 15 kwa siku zinatosha.

Kwanza, mkono. Kuandika kumetuzoesha kutumia kifundo cha mkono, nacho hakifiki mbali: kikivuta mstari wa sentimita 10, unapinda kama upinde. Mstari mrefu uvute kwa bega, mkono wote ukisogea, kidole kidogo tu kikiteleza juu ya karatasi. Siku za mwanzo mistari itakuwa mibaya kuliko uliyozoea. Hilo ni kawaida, usirudi kwenye kifundo.

Weka nukta mbili, umbali wa sentimita 10 hadi 15. Zungusha karatasi mpaka upate upande ambao mkono wako unavuta bila shida. Hakuna sheria inayosema karatasi ikae wima. Pitisha kalamu hewani kati ya nukta hizo mara tatu au nne, kisha ishushe na uvute kwa mwendo mmoja. Mstari ukitetemeka, ulikwenda polepole huku jicho likiusahihisha njiani; ongeza kasi kidogo. Ukipinda, bega halikufanya kazi. Ukipitiliza nukta si neno: unyoofu kwanza, shabaha baadaye. Kuzuia kupitiliza, inua kalamu. Ukijaribu kuisimamisha juu ya karatasi, mwisho wa mstari utachafuka.

Zoezi jingine: piga mstari kwa rula, halafu upite juu yake mara nane kwa mkono mtupu. Mistari ikitawanyika mwishoni, ni jambo la kutarajiwa. Ikitawanyika mwanzoni, huo ni uzembe tu, maana kuweka ncha mahali pake kabla ya kuvuta hakuhitaji kipaji.

Duaradufu, yaani duara lililobanwa, ichore kwa mizunguko miwili bila kuinua kalamu, mitatu ikizidi sana. Chora mistari miwili sambamba, ujaze nafasi kati yake duaradufu zinazogusa mistari yote miwili na kugusana zenyewe kwa zenyewe. Ncha zikichongoka kama za samaki, unapunguza mwendo kwenye kona. Kisha piga mhimili mfupi wa kila moja, yaani mstari unaoikata katikati kwa upande wake mwembamba: nusu mbili zinapaswa kulingana. Nusu moja ikinenepa, umechora yai.

Duaradufu hizo utaziona kwenye mdomo na kitako cha ndoo iliyowekwa sakafuni. Mdomo wake uko karibu zaidi na usawa wa macho yako, kwa hiyo unaonekana mwembamba. Kitako kiko chini zaidi, kwa hiyo mkunjo wake ni wa mviringo zaidi. Wengi huchora kitako kwa mstari mnyoofu, na ndoo inaonekana imekatwa.

Boksi ndilo lenye kazi. Anza na kona iliyo karibu nawe: mistari mitatu inayotoka kwenye nukta moja mithili ya herufi Y, kila pembe kati yake ikizidi nyuzi 90. Boksi lina kingo 12, yaani makundi matatu ya kingo nne, na kila kundi linaelekea nukta moja ya mbali. Chora zote, hata tatu zilizofichwa nyuma.

Sasa chukua kalamu nyekundu na rula, urefushe kila mstari kuelekea upande unaokwenda mbali na ile Y. Bila ukaguzi huu unaweza kuchora maboksi mia na usijifunze lolote. Mistari minne ya kundi moja isogeleane taratibu. Ikiachana, boksi limepanuka nyuma. Ikikutana miwili miwili mahali tofauti, ulilinganisha kila mstari na jirani yake ukasahau mingine miwili. Ikikutana haraka mno, boksi linaonekana kubwa kama jengo. Kona ya nyuma ndiyo hugoma zaidi, kwa kuwa makosa yote ya awali hukusanyikia pale. Usilirekebishe boksi hilo. Andika kando kundi lililokosea, uliangalie hilo kwanza katika boksi linalofuata. Maboksi matano kwa siku yanatosha.

Makundi yakianza kukutana vizuri, chora duaradufu ndani ya uso mmoja wa boksi, iguse pande zote nne. Piga mhimili wake mfupi. Uso huo ukiwa mraba wa kweli, mhimili utafuata mwelekeo wa kingo zinazotoka kwenye uso huo kwenda ndani. Ukienda kombo, umechora mstatili.