SOMO: Kutoboa shubaka la sabuni na shampuu kwenye ukuta wa bafu bila kulowesha chumba cha pili

Wakuu habari za kazi, shikamooni wakubwa. Mvua zikishakata huku kwetu ndo watu wanaanza kukarabati nyumba, na siku hizi kila mwenye bafu la masta anataka lile shubaka la ndani ya ukuta la kuwekea shampuu, sabuni na dodoki, maana vile vishelfu vya kubandika vinadondoka na vya chuma vinashika kutu. Ni kitu kizuri na kutoboa tu mafundi wengi wanaweza, shida wanatoboa, wanapiga lipu, wanabandika taizi, wanachukua hela yao wanaondoka. Naomba hili likae kichwani kabla ya yote: taizi na grauti (ule unga wa kuziba nafasi kati ya taizi) havizuii maji. Maji yanapenya kwenye grauti kidogo kidogo yanaingia kwenye tofali, na hizi tofali zetu za kuchoma zinakunywa maji kweli kweli, baada ya muda unaona rangi ya ukuta wa chumbani inababuka na chumvi nyeupe inatoka nyuma ya kitanda. Kinachozuia maji ni wotapruf inayopakwa chini ya taizi. Fundi akikuambia "grauti hii ni nzuri haipitishi" mwambie asante, halafu mwambie apake wotapruf.

HATUA YA 1, kuchagua ukuta

Hapa msikimbilie. Ukuta wa nje sio mzuri kwa huku kwetu. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai usiku ukuta wa nje unakuwa wa baridi sana, ukishaupunguza unene pale kwenye shubaka mvuke wa maji ya moto unagandia hapo kila siku na ukungu mweusi unaanza. Njombe na Makete ndo usiseme. Tukuyu nako mvua inapiga ukuta karibu mwaka mzima, ukiutoboa kwa ndani unyevu wa nje unakaribishwa. Kwaiyo tafuta ukuta wa katikati ya nyumba, na usiwe ule unaotazamana na shawa uso kwa uso, weka wa pembeni ili maji yasipige moja kwa moja ndani.

Cha pili angalia bomba na waya. Wenye heta ya shawa (na huku wengi tunayo) kuna waya umeshuka au umepanda ukutani kuifuata heta na kuna bomba la maji limepanda, usitoboe kabisa chini wala juu ya heta au koki. Kama hujui waya umepita wapi muite fundi umeme aliyefunga, na siku ya kukata zima meni switchi ya nyumba, grainda vuta umeme wa jirani kwa ekstensheni.

Cha tatu unene. Ukuta wa tofali za kuchoma zilizolazwa upana wote, ule wa inchi 9, hauna shida. Ukuta wa bloku za inchi 6 unakubali ila kwa adabu. Ukuta wa tofali moja nyembamba wa inchi 4 au 5 usiguse, huo nimejibu chini kwenye maswali.

HATUA YA 2, vipimo

Chupa kubwa ya shampuu ya lita inafika sentimita 25 hadi 28 kwenda juu, kwaiyo nafasi ya ndani iwe 30. Upana 30 unatosha familia, na ukibaki hapo huhitaji linta (kile kiboriti cha zege kinachobeba ukuta juu ya tundu). Sakafu ya shubaka iwe kama mita 1.1 mpaka 1.2 kutoka chini, mtu mzima hainami na mtoto anafikia. Ila usishike namba hizi kama sheria, kwanza pangeni taizi. Kama unatumia za 30 kwa 60 chora ukutani mistari ya taizi zote kuanzia chini, halafu sogeza shubaka lianzie kwenye mstari na liishie kwenye mstari. Ukilipandisha au kulishusha sentimita 5 ili likutane na mistari hakuna atakayekulaumu, ila ukiacha vipande vya taizi vya vidole viwili kuzunguka shubaka kila anayeingia bafuni ataona.

Sasa tundu lenyewe lazima liwe kubwa kuliko unachotaka kuona mwisho. Kila upande unakuja na lipu sentimita 1, gundi nusu, taizi karibu 0.8, yani weka 2.5 kila upande. Ukitaka 30 kwa 30 ikiisha, toboa 35 kwa 35. Kina ni tofauti kidogo, na watu wengi hapa wanachimba kupita kiasi. Ukitaka kina cha 9 kilichoisha, kwenye tofali unakata 8 na nusu tu, kwa sababu nyuma inaliwa ile 2.5, lakini lipu na taizi za uso wa ukuta nazo zinaongeza karibu 3 kwa mbele. Kwenye bloku ya inchi 6, ambayo ni sentimita 15, unabakiwa na 6 na nusu nyuma. Usizidishe hapo.

HATUA YA 3, kukata

Barakoa na miwani kwanza, vumbi la tofali na saruji linaharibu mapafu na hayarudishiki, sio suala la ushujaa. Chora kwa pima maji, kata mistari minne kwa grainda yenye diski ya almasi, halafu kata mistari mingine ndani ya kile kiboksi kila baada ya sentimita 4 hivi. Baada ya hapo tindo na nyundo ndogo, unamega vipande kuanzia katikati kuja pembeni. Usichukue nyundo kubwa ukaanza kupiga ukuta mzima kwa sababu unatikisa viungo vya tofali na lipu ya upande wa pili inaachia.

Ukishafungua chukua msumari ukwangue tofali la ndani. Tofali lililoiva linalia kama chungu na msumari unateleza. Tofali bichi la pembeni ya tanuru, ambako moto haukufika vizuri, linakwanguka unga na ukilimwagia maji kidogo linalainika kabisa kwenye kidole. Ukikuta hilo litoe lote, weka lingine zima kwa saruji. Usipige lipu juu ya unga.

Upana ukizidi sentimita 40 weka linta ndogo juu. Kata kwanza mfereji wa juu peke yake uliopitiliza sentimita 10 kila upande, ingiza kipande cha zege chenye nondo mbili za milimita 8 ulichomwaga chini mapema kikakomaa, kikaze kwa saruji, subiri ishike, ndo ukate sehemu ya chini. Wanaotoboa kwanza ndo watafute linta baadae wanaishia kushikilia ukuta kwa mikono.

HATUA YA 4, lipu na mwinamo

Safisha vumbi, lowesha tofali, piga lipu ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga uliochekechwa. Sakafu ya shubaka lazima iinamie nje, milimita 3 kutoka nyuma kuja mbele zinatosha. Mwinamo huu uweke kwenye lipu, msingoje kuutafuta kwenye gundi ya taizi. Mwaga maji kijiko kimoja nyuma kabisa uangalie, yakitoka yenyewe yote uko sawa, yakisimama kona moja rekebisha saa hiyo hiyo ikiwa mbichi. Mwagilia lipu siku kadhaa, halafu iache ikauke. Kipindi cha baridi inachelewa, msiende kwa kalenda ya Dar.

HATUA YA 5, wotapruf, hii ndo kazi yenyewe

Tumia ile ya saruji yenye unga na maji yake kama maziwa, inapatikana maduka ya vifaa Mwanjelwa, Iringa mjini, Makambako, kote. Changanya kwa vipimo vya kwenye mfuko, sio kwa macho. Lowesha ukuta usiwe unatiririka. Paka mkono wa kwanza kwa brashi ukisukuma kwenye kona zote za ndani, na kabla haujakauka bandika vipande vya wavu wa nyuzi kwenye kila kona, zile nane za pembeni na nyuma pamoja na midomo minne ya mbele, halafu pitisha brashi juu mpaka wavu uzame. Mkono wa pili paka kwa kukatiza, kama wa kwanza ulikuwa wa kwenda juu huu uwe wa kulala. Wotapruf isiishie mdomoni, itoke nje iungane na ya ukuta mzima wa shawa mpaka chini sakafuni. Wengi wanapaka ndani ya shubaka tu, maji yanapita pembeni yake yanaingia kwa nyuma, hapo umefanya nini sasa?

Ikikauka vizuri ipime. Chukua udongo wa mfinyanzi tengeneza kizuizi mdomoni mwa shubaka, mwaga maji yasimame sentimita 2, weka alama kwa penseli, acha usiku kucha. Asubuhi angalia alama na angalia ukuta wa upande wa pili kwa kiganja. Taizi zisibandikwe kabla ya hapo.

HATUA YA 6, taizi

Anza na ya nyuma, halafu sakafu, halafu ya juu, pembeni zije mwisho zikikalia sakafu. Kwa sakafu mimi napenda kipande kimoja cha granaiti, wanaokata meza za jikoni wanabakiwa na vipande na wanauza kwa bei ya maelewano, kinakuwa hakina kiungo hata kimoja pale maji yanapokaa. Kitoke mbele ya taizi za ukutani milimita 3 mpaka 5 ili maji yadondoke yasirudi chini yake. Ya juu iegemeze na vijiti viwili mpaka kesho. Gundi ipake taizi na ukuta vyote, isiwe madonge matano, nyuma ya madonge kunabaki mapango ya maji. Grauti piga kwenye viungo vya kawaida, lakini kona zote za ndani weka silikoni ya bafuni inayozuia ukungu. Sisi tupo kwenye Bonde la Ufa, ardhi inatikisika mara kwa mara hata kama hatusikii, na kona ya grauti ndo inapasuka ya kwanza wakati silikoni inavutika.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mafinga: Kamwene fundi. Bafu langu lina taizi tayari na sitaki kubomoa zote, naweza kutoboa shubaka tu?

Jibu: Kamwene kaka. Unaweza kukata ila hutaweza kuunganisha wotapruf ya shubaka na ya ukuta, maana ya ukuta iko chini ya taizi, kama ipo. Ng'oa angalau taizi zinazolizunguka, nafasi ya sentimita 30 kila upande, upake mpaka hapo. Kama taizi hizo hazipatikani tena dukani bora usubiri siku ya kukarabati bafu lote.

Mdau wa Uyole: Mkuu mimi ukuta ni wa tofali zilizosimamishwa, mwembamba. Wife anataka shubaka na nimeshamkubalia.

Jibu: Timiza ahadi kwa njia nyingine mkuu. Jenga ukuta wa pili mbele ya ule wa zamani, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kifua au mpaka juu kabisa, shubaka uliache humo wakati wa kujenga. Funga huo ukuta kwenye wa zamani kwa vipande vya nondo. Bafu linapungua sentimita 12 hivi, pima kwanza kama mlango na choo vinaruhusu. Faida yake bomba mpya nazo zinapita humo bila kuchimba.

Mdau wa Iringa, Kihesa: Nyumba ya mzee imejengwa kwa tofali za kuchoma lakini viungo ni udongo, saruji ni lipu tu. Inafaa?

Jibu: Hiyo kuwa makini sana ndugu yangu. Grainda peke yake, nyundo usitumie, na usizidi upana wa tofali moja na nusu. Weka linta hata kama ni ndogo. Kwanguwa udongo kwenye viungo vinavyoonekana, sentimita 2 hivi, uvijaze saruji kabla ya lipu. Na kwa nyumba hiyo wotapruf ya ukuta mzima wa shawa sio hiari, udongo ukilowa tofali hazina kinachozishika.

Mdau wa Tukuyu: Ndaga fijo kwa somo. Fundi wangu anasema ataweka dawa ya maji ndani ya lipu kwahiyo kupaka hakuna haja.

Jibu: Dawa ya ndani ya lipu inasaidia, mwache aweke. Ila lipu ikipata ufa mwembamba wa unywele maji yanapita na dawa yake humo humo. Ya kupaka yenye wavu inapita juu ya ufa. Mwambie zote mbili, na kama anabisha mfanyie kile kipimo cha maji ya usiku kucha.

Mdau wa Njombe: Dada hapa naomba kuuliza, grauti ya shubaka imeshakuwa nyeusi na bafu halina hata mwaka, tatizo nini?

Jibu: Dada angalia vitu viwili. Mwaga maji kidogo nyuma ya shubaka, yakisimama basi mwinamo hakuna, na dawa yake ni kung'oa taizi ya sakafu pekee na kuweka granaiti yenye mwinamo, ila ing'olewe taratibu wotapruf isichanike, na ikichanika ipakwe tena kabla ya granaiti. Yakitoka vizuri basi ni mvuke, bafu halipumui, na Njombe kwa baridi ile dirisha linafungwa siku nzima, nawaelewa. Fungua baada ya kuoga hata robo saa, au weka feni ndogo ya kutolea hewa nje. Weusi wenyewe sugua kwa brashi na jiki iliyochanganywa na maji, dirisha likiwa wazi, na usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya choo, hewa yake inaumiza. Ukimaliza suuza, acha ikauke kabisa, ile silikoni ya kona ikiwa imeingiwa na weusi kwa ndani haisafishiki, ikate kwa wembe uweke mpya.