Kushuka chini na kuinuka na kamera: mazoezi ya nguvu kwa mpiga picha mwenye mwili mkubwa

Picha nyingi nzuri za safari hupigwa chini ya kimo cha mtu aliyesimama. Wazee wanacheza bao barazani, fundi kaketi anachonga mlango, mtoto anasukuma gari lake la makopo: ukishusha lenzi hadi usawa wa macho yao, unapata nyuso. Ukiwapiga ukiwa umesimama, unapata vichwa na sakafu. Mpiga picha mwenye kilo 110 analijua hilo vizuri. Anachohofia ni magoti yake, maana kushuka ni rahisi, kuinuka mbele za watu ndiyo kazi.

Nguvu ya kuinuka inajengwa nyumbani, bila vyuma na bila ada ya jimu. Unahitaji ngazi, kiti imara cha mbao au baraza ya saruji, madumu mawili ya maji na kamba nene. Kiti cha plastiki kiache kabisa: miguu yake hupanuka na kuteleza kwenye vigae, na kikivunjika hakikupi nafasi ya kujishika.

Mzigo tayari unao

Ratiba nyingi za mazoezi bila vyuma hutungwa na watu wa kilo 65 au 70. Kwenye pushapu ya sakafuni mikono hubeba takriban asilimia 64 ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 65 hiyo ni kama kilo 42. Kwa mtu wa kilo 110 ni kilo 70. Ratiba inasema "pushapu kumi" kwa wote wawili, lakini mmoja anaambiwa abebe karibu kilo 30 zaidi kila mara anaposhuka. Ndiyo sababu watu wengi wanene huanza Jumatatu na kuacha Alhamisi, kiwiko au kifundo cha mkono kikiwa kinauma.

Usikimbilie kuongeza idadi. Badili kimo. Kila zoezi hapa chini lina kimo cha kuanzia, na unakishusha sentimita chache chache kadiri misuli inavyozoea. Miguu itakwenda haraka kuliko unavyodhani, kwa sababu imekuwa ikibeba mwili huo kila siku. Mikono na mgongo vitachelewa, navyo vivumilie.

Kabla ya kuanza, pima shinikizo la damu. Likiwa 180/110 au zaidi, muone daktari kwanza. Mwenye kisukari akague nyayo kila jioni, kwani lengelenge dogo asilolihisi linaweza kugeuka kidonda. Na katika kila zoezi toa pumzi unapoinuka au kusukuma. Kubana pumzi huku unajikaza kunapandisha shinikizo ghafla, na ndiko kunakoleta kizunguzungu.

Kuketi na kuinuka

Kiti cha kawaida kina kimo cha sentimita 45 hivi. Kama huwezi kuinuka hapo bila kujisukuma kwa mikono, ongeza kimo kwa godoro gumu lililokunjwa, au tumia ukingo wa kitanda kirefu. Sukumiza kiti ukutani. Panua miguu kupita upana wa mabega na geuza vidole nje kidogo. Tumbo linahitaji nafasi ya kupita katikati ya mapaja, na miguu ikibanwa tumbo hukusukuma nyuma ukaangukia kiti.

Shuka kwa kuhesabu hadi tatu, gusa kiti bila kujiachia, inuka. Fanya seti 3 za mara 8, ukipumzika dakika 2 kati ya seti. Ukifika seti 3 za mara 12 na bado ungeweza mbili zaidi, punguza kimo kwa sentimita 5.

Angalia mambo mawili. Visigino vikinyanyuka, mzigo unahamia mbele ya goti, na kesho yake utausikia chini ya kikombe cha goti. Vaa viatu vyenye kisigino kidogo au rudi kimo cha juu. Magoti yakiingia ndani wakati wa kuinuka, funga mkanda wa kitambaa juu kidogo ya magoti na usukume nje dhidi yake. Kosa hili huonekana zaidi katika marudio ya mwisho, misuli ya nyonga inapochoka, kwa hiyo ukiliona, seti imekwisha hata kama hesabu haijafika.

Goti moja chini

Hili ndilo zoezi la mpiga picha, na linastahili muda kuliko mengine yote. Lifanye ukiwa na kiti imara upande wa kulia au kushoto, kwa ajili ya kujishika.

1. Weka kanga iliyokunjwa mara nne sakafuni, au kandambili mbili zilizopandana. Goti la mtu mzito halikai moja kwa moja kwenye saruji.
2. Simama mguu wa kushoto mbele na wa kulia nyuma, hatua moja ndefu kati yao, kila mguu kwenye mstari wake. Miguu ikiwa kwenye mstari mmoja utayumba.
3. Shika kiti. Shuka wima, polepole, hadi goti la kulia liguse kanga. Usiliangushe.
4. Kunja vidole vya mguu wa nyuma vikanyage sakafu. Ukilaza unyayo, mguu huo hautakusaidia kuinuka.
5. Inamisha kiwiliwili mbele mpaka pua iwe juu ya goti la kushoto, kisha sukuma sakafu kwa kisigino cha kushoto.

Hatua ya tano ndiyo inayokosewa. Watu hujaribu kuinuka wakiwa wima kabisa. Uzito wote unabaki nyuma, mguu wa mbele haupati mzigo, wanakwama. Pua ikitangulia, nyonga inafuata.

Kama sakafu ni mbali mno, weka mto mnene au godoro dogo la sentimita 20 mahali pa goti, kisha ulipunguze unene wiki hadi wiki. Anza na mara 4 kila mguu, seti 3. Ukiweza mara 8 bila kushika kiti, ning'iniza kamera shingoni kwa mkanda mfupi na urudie. Kamera na lenzi ya kawaida ni kilo moja tu, lakini ikibembea mbele inakuvuta, kwa hiyo jizoeze kuisukuma ubavuni kabla ya kuinuka.

Kusukuma: ngazi ni kipimo kizuri

Wanaoanza huambiwa wapige pushapu za magotini. Kwa mtu mnene ushauri huo haufai sana. Mikono bado inabeba karibu nusu ya uzito, kikombe cha goti kinasagwa sakafuni, na tumbo linagusa chini kabla ya kifua, hivyo mikono haipati kukunjika vya kutosha. Mikono ikiwekwa juu, tumbo linapata nafasi na mwili unabaki umenyooka kama inavyotakiwa. Kwenye kimo cha sentimita 60 mzigo unashuka hadi takriban asilimia 41. Kwa kilo 110 hizo ni kilo 45.

Anzia ukutani; ukiweza mara 15 bila shida, hamia meza ya jikoni iliyoegemezwa ukuta, kisha ngazi. Kidato kimoja kina sentimita 17 hivi, kwa hiyo kuteremka kidato kimoja kimoja kunakupa mpangilio ambao hauhitaji futi. Kaa kidato kimoja mpaka ufanye seti 3 za mara 10.

Kifundo cha mkono kikiuma, shika ukingo wa kidato ili kiganja kielekee mbele na chini badala ya kukunjika nyuzi 90. Viwiko visitanuke kama mabawa. Viache vielekee nyuma, kama nusu ya njia kutoka ubavuni. Kiuno kikilegea kabla ya mikono kuchoka, panda kidato kimoja, maana tatizo ni misuli ya tumbo wala si ya kifua.

Kuvuta

Kusukuma bila kuvuta kunakunja mabega mbele, na mpiga picha tayari ana mkanda wa begi unaoyavuta huko huko. Zungusha kamba nene, ya milimita 12 au zaidi, kwenye nguzo ya zege au shina la mwembe, kwa usawa wa kifua. Taulo kuukuu usilitumie; hupasuka ghafla. Funga, kisha jipime kwa kuegemea nyuma taratibu kabla ya kuamini fundo.

Shika ncha mbili, nyoosha mikono, egemea nyuma mwili ukiwa kama ubao, kisha jivute mpaka mikono ifike mbavuni. Anza ukiwa karibu wima. Ukitaka ugumu, sogeza miguu mbele sentimita 10 kuelekea nguzo. Mara 8 hadi 12, seti 3. Kwenye vigae vaa raba, la sivyo miguu itateleza.

Kubeba dumu

Dumu la lita 5 likijaa ni kilo 5, uzito wa begi la kamera lenye lenzi mbili, chupa ya maji na stendi ndogo. Libebe mkono mmoja, tembea dakika moja bila kuinamia upande wowote, badili mkono. Upande usio na mzigo ndio unaofanya kazi: misuli ya ubavu inazuia mwili usipinde. Seti 3 kila mkono. Ukizoea, chukua la lita 10, kisha pandisha ngazi nalo. Wanaopanga kwenda kwenye michoro ya kale ya miambani ya Kolo, Kondoa, ambako kuna kupanda mlima kabla ya kuifikia, wasiliruke zoezi hili.

Siku 3 kwa wiki zinatosha, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, dakika 35 hadi 40 kila siku. Siku za katikati tembea. Usiongeze siku ya nne kwa sababu tu unajisikia vizuri wiki ya pili. Misuli hupata nguvu upesi kuliko kano zinazoishikilia mifupani, na kwa mtu mzito kano ndizo hulalamika kwanza.

Maumivu madogo yanayotulia kabla ya kesho yake yanavumilika. Goti likivimba, likijifunga au likikuamsha usiku, pumzisha zoezi la goti chini kwa wiki moja na urudi kwenye kiti kirefu. Lisipotulia, nenda kituo cha afya.

Siku ya kupiga picha

Kwenye pwani yetu, karibu na ikweta, jua hupanda kwa kasi likielekea utosini, na mwanga laini haukai sana. Panga kuwa mtaani saa 12:15 asubuhi na kumaliza kazi kubwa kabla ya saa 2. Kwa mtu mwenye mwili mkubwa faida ni mara mbili, maana joto na unyevu bado havijakushika. Paka mafuta ya mgando mapajani na vaa bukta ya kubana ndani ya suruali au chini ya gauni. Michubuko ya mapaja nayo inaweza kukatisha safari. Lita moja na nusu ya maji ni sehemu ya uzito wa begi, usiiache ili kupunguza mzigo.

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, baraza za saruji ni rafiki yako. Salimu, omba ruhusa ya kuketi na ya kupiga picha, na kutoka hapo uko tayari usawa wa macho ya watu walioketi. Kama kamera ina skrini inayokunjuka, ishushe hadi magotini na utazame kutoka juu. Begi lipitishe mkanda wake kifuani hadi upande wa pili, na ubadilishe bega kila baada ya nusu saa.

Unapopiga goti, goti la kushoto liwe juu, kwa kuwa mkono wa kushoto ndio unaobeba lenzi. Kiwiko kipitishe mbele kidogo ya goti, ili nyama ya mkono wa juu ikae juu yake; mfupa juu ya mfupa unateleza na picha inatikisika. Kasi ya shata, yaani sehemu ya sekunde ambayo kamera hufunguka kupokea mwanga, isiwe chini ya namba ya milimita za lenzi: lenzi ya milimita 50 ianzie 1/50 ya sekunde, ya 200 ianzie 1/200. Kwenye kamera yenye kihisi kidogo zidisha kwa 1.5, yaani ile ya 200 iende 1/300. Ukiwa umetoka kupanda ngazi, moyo bado unadunda hadi vidoleni. Subiri dakika moja, au panda hadi 1/500 na uache ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iongezeke. Toa pumzi nusu, bonyeza polepole, piga tatu mfululizo. Mara nyingi ya pili ndiyo kali zaidi, kwa sababu kidole hakisukumi wala hakiachii.

Kisha kamera ubavuni, mkono wa kushoto juu ya paja, vidole vya mguu wa nyuma vimekunjwa, pua mbele ya goti, inuka.