Wasikilizaji wa mtaa: jinsi ya kutunza afya ya akili Lamu tabianchi inapobadilika

Mvuvi wa Kizingitini anayerudi na samaki wasiotosha kulipia petroli, mfugaji wa upande wa Witu aliyepoteza ng'ombe katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, na mama wa Pate ambaye kisima chake kimeingia chumvi, wote wana hasara inayohesabika. Wana pia hasara nyingine ambayo kwa kawaida haimo katika orodha ya misaada: usingizi unaopotea, hasira inayowaangukia watoto, na aibu ya kushindwa kulisha nyumba. Mwongozo huu ni wa kikundi cha mtaa kinachotaka kuwasaidia watu hawa bila kusubiri daktari wa akili, ambaye hupatikana kwa shida.

Anzeni kwa kuchagua wasikilizaji. Nchini Zimbabwe, mradi ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 umewafunza mabibi wa mitaa ya Harare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na wenye msongo wa mawazo, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Sisi tuna mabaraza ya mawe milangoni tangu enzi za mababu, kwa hivyo hakuna benchi la kununua. Hata hivyo, baraza ni pahali pa wanaume. Wanawake wafikiwe na wanawake wenzao majumbani, wanaposuka ukili au wanapokutana kuweka akiba.

Sifa ya kwanza ya msikilizaji ni kutunza siri, na kwa maoni yangu inazidi elimu. Mji wa Amu, yaani Lamu, ni mdogo, na neno lililotoka Mkomani asubuhi huwa limefika Langoni kabla ya adhuhuri. Mtu aliyewahi kutoa siri ya jirani asichaguliwe, hata akiwa na cheo. Waliochaguliwa wafunzwe na muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii.

Katika mazungumzo, msimlazimishe mtu kusimulia msiba wake, kwa maana kulazimishwa huweza kumwumiza zaidi. Msikilizaji aseme tu, "Mzee wangu, siku hizi barazani huonekani, mambo yakoje?" kisha anyamaze, hata kimya kikirefuka. Asimwambie kwamba kuna wenye shida kumzidi, wala asikimbilie mawaidha. Akishasikia, amwulize ni jambo gani linalomsumbua zaidi wiki hii, nao walichague hilo moja na kutafuta hatua ndogo inayowezekana. Ikiwa ni deni la tajiri aliyemkopesha nyavu, pengine hatua hiyo ni kufuatana naye kwenda kuomba muda wa kulipa hadi kusi, msimu wa upepo unaochafua bahari, ipite, badala ya kumwacha akijificha.

Msingoje bahari ichafuke. Wasikilizaji wazizungukie nyumba za wavuvi kabla ya kusi kuanza, kwa sababu ndipo kipato kinapopungua na madeni kuongezeka. Wengi huzungumza kwa wepesi mikono ikiwa na kazi, hivyo siku ya kupanda mikoko au kusafisha kisima ni nafasi nzuri ya kukaa karibu na aliyejitenga.

Mtu ambaye kwa wiki mbili hapati usingizi, hali chakula vizuri na hana hamu ya lolote apelekwe kituo cha afya. Kusomewa dua kuendelee, lakini pamoja na matibabu. Akigusia kutaka kufa, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Asiachwe peke yake, dawa na sumu ziondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Ushauri wa simu hupatikana bila malipo kwa nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Familia isimfiche kwa kuogopa polisi, kwani Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba.

Wasikilizaji nao wakutane kila wiki na yule aliyewafunza, wazungumzie yanayowalemea bila kutaja majina, na anayeonekana kuchoka apumzishwe, mwenzake ashike nyumba zake.