Gitaa kavu (lisilo la umeme) la mtumba: anza na shingo

Nyuzi zenye kutu zisikutishe, hubadilishwa kwa gharama ndogo. Cha kuhofia ni shingo. Itazame kwa jicho moja kutoka kichwani kuelekea tumboni. Ikiwa imejisokota, liache gitaa hilo hata kama linang'aa. Kisha pima nafasi kati ya uzi mnene kuliko yote na freti ya 12, yaani kile kijiti cha chuma cha 12 kilichokatiza shingo, ukihesabu kutoka kichwani. Milimita 2.5 hadi 3 ni sawa. Ikizidi 4, vidole vitaumia, na kubandua shingo ili kurekebisha pembe yake huweza kuzidi bei ya gitaa lenyewe.

Jaribu kupenyeza karatasi chini ya daraja, kile kipande kilichogundishwa tumboni ambako nyuzi hufungwa: ikiingia, gundi imeachia kwa mvuto wa nyuzi. Mwisho, piga kila uzi kwenye kila freti, polepole. Ukisikia mkwaruzo mahali pamoja tu, huenda freti inayofuata imeinuka. Hapo omba punguzo.