Jinsi ya kumuandaa mwalimu wa marubani wa ndege kubwa zinazojazwa mafuta hewani

Tuelewane kwanza, rubani hodari sio lazima awe mwalimu. Kuna mtu anarusha ndege yake nyuma ya tanka (ndege inayogawa mafuta) ametulia kabisa, bumu, ile bomba ngumu ya kupitishia mafuta, imeingia, mafuta yanapita, ila ukimwambia amfundishe mwenzake anakwama, maana anachokijua kiko mikononi na hajawahi kukitolea maneno. Kwahiyo kazi yako ya kwanza ni kumfanya aongee. Kazi hii inafanyika pale Altus, Oklahoma, kambi ambayo jeshi la anga la Marekani linafundishia marubani wa C-17 (ndege ya mizigo), na wa KC-135 na KC-46 (tanka), na walimu wao pia wanaandaliwa hapohapo.

Anzia kwenye simuleta na umhamishe kiti. Rubani wa C-17 amezoea kushoto, mkono wa kushoto kwenye stiki ya kuongozea ndege na wa kulia kwenye throtli, yaani vishikio vya pawa ya injini, akija kulia mikono inabadilishana kazi na hata tanka anaiona kwa pembe nyingine. Mwache arushe kutoka kulia mpaka azoee, halafu ndo umwambie arushe huku anaeleza anachofanya na kwanini. Wengi wananyamaza ndege ikianza kucheza, na hapo ndipo mwanafunzi anapomhitaji zaidi.

Sasa hatua yenyewe, na hii usiiharakishe: wewe mkufunzi jifanye mwanafunzi. Kosea makusudi, makosa yale ya kweli. Kodolea macho bumu badala ya kuangalia tanka nzima. Kamata stiki kwa nguvu. Ingia kwa spidi kubwa kutoka ile nafasi ya kusubiri, kama mita 15 nyuma na chini kidogo ya bumu. Rekebisha ukiwa umechelewa, ndege ipande, uisukume chini, ishuke kuliko ulivyotaka, uivute tena, na kila wimbi linakuja kubwa kuliko lililopita. Umuangalie anafanya nini. Akikunyang'anya ndege mapema mno mwanafunzi wake hatajifunza kitu, akichelewa watu watakufa, na ule muda wa katikati ni sekunde chache tu. Kuujua huo muda ndo ualimu wenyewe, mengine yote yanasomeka kwenye kitabu. Kwahiyo rudia, badilisha kosa, rudia tena, na kila mara muulize aliona nini kabla hajashika, kama hawezi kukitaja basi alibahatisha.

Mfundishe na ngazi za kuingilia. Kwanza neno moja, tulivu: "legeza mkono", "punguza pawa kidogo". Halafu amri. Halafu kushika ndege, na hapo aseme kwa sauti kwamba ameichukua, mwanafunzi akiri ameachia, marubani wawili wasije wakavutana stiki moja jamani.

Brekawei, yaani kuachana haraka kwa dharura, aijue usingizini. Mtu yeyote kwenye ndege zote mbili akiona hatari anaita "brekawei" mara tatu, ya nyuma inaondoa pawa na kushuka, tanka inaongeza pawa na kwenda mbele. Tarehe 17 Januari 1966 juu ya Palomares, Hispania, B-52, ndege ya mabomu, iligongana na KC-135 wakati wa kujazwa mafuta, wakafa watu 7, wakiwemo wote wanne wa kwenye tanka. Msomeshe ajali hiyo, na asiwahi kumkaripia mwanafunzi aliyeita brekawei hata kama haikuwa na ulazima.

Upande wa tanka usiusahau. C-17 iliyojaa inafika tani 265, KC-135 yenyewe haizidi 147, na ile kubwa ikisogea chini ya mkia inasukuma hewa mbele yake, mkia wa tanka unainuka na pua ya tanka inataka kushuka. Mwalimu wa tanka lazima aisikie hiyo kabla otopailoti haijalemewa, na yule wa nyuma aelewe kwamba akiingia kwa pupa anamvuruga mwenzie. Wakutanishe kwenye brifingi moja ukiweza, na mwendesha bumu awepo, maana yeye ndo anaiona ndege ya nyuma ikija.

Baada ya kutua, dibrifingi, kikao cha kuchambua safari. Mkatalie kabisa "ulikuwa unayumba". Kila mwanafunzi anajua aliyumba! Atafute chanzo: macho yalikuwa wapi, throtli ilisogezwa lini, mkono ulikaza saa ngapi, halafu atoe jambo moja la kufanyia kazi kesho, moja tu, na kesho hilo ndo la kwanza kuangaliwa.