SOMO: Kutumia dawa za maumivu za dukani bila kuzidisha dozi

Wakuu, somo hili ni la wanaonunua dawa dukani bila kupita kwa daktari, yaani karibu sisi sote. Wengi wanaozidisha dozi hawajui kama wamezidisha. Asubuhi kameza Panadol, mchana dawa ya mafua, jioni kapewa mchanganyiko wa maumivu ya mgongo, na zote tatu zina parasetamoli ndani.

Hatua ya 1: Soma kilichomo, achana na jina la biashara. Tafuta yale maandishi madogo: parasetamoli, ibuprofeni, diklofenaki, aspirini, na miligramu zake. Panadol Extra, kwa mfano, ni parasetamoli ileile mg 500 iliyoongezwa kafeini. Ukikatiwa vidonge kwa mkasi na kutiliwa kwenye kibahasha kilichoandikwa "2 x 3" peke yake, mwombe muuzaji aandike na jina la dawa. Akinuna, anune.

Hatua ya 2: Hesabu kwa saa 24. Mtu mzima anameza parasetamoli kidonge 1 au 2 vya mg 500, kisha anasubiri saa 4 hadi 6. Kikomo ni vidonge 8, sawa na mg 4,000, tangu kile cha kwanza. Usianze hesabu upya kwa sababu kumekucha. "2 x 3" ni vidonge 6, hapo huna shida. Shida ni ile dawa ya mafua unayoongeza juu yake. Mwenye uzito chini ya kilo 50, mgonjwa wa ini na mnywaji wa kila siku wasifike 8. Wamuulize daktari au mfamasia kipimo chao.

Hatua ya 3: Ibuprofeni. Mg 200 hadi 400, baada ya kula, mara 3 kwa siku, isizidi mg 1,200 bila daktari. Usiichanganye na diklofenaki wala aspirini, hizo ni ukoo mmoja. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, na mjamzito, asiiguse bila ushauri.

Hatua ya 4: Mtoto hupimiwa kwa kilo. Parasetamoli mg 10 hadi 15 kwa kila kilo, isizidi mara 4 kwa siku. Hapa angalieni chupa vizuri. Dawa ya maji nyingi ina mg 120 katika ml 5, lakini ipo pia yenye mg 250. Mtoto wa kilo 10 akipewa ml 5 za chupa ya mg 120 yuko sawa. Akipewa ml 5 za chupa ya mg 250, amezidishiwa. Tumia kipimo kilichokuja na chupa, au bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani. Chini ya miezi 3 mwenye homa, nenda naye kituo cha afya. Aspirini si ya aliye chini ya miaka 16.

MASWALI

*Mkuu, nimemeza vidonge viwili vya Panadol, saa nzima kichwa bado kinagonga. Niongeze?*
Hapana, subiri saa zitimie. Kikiendelea hadi siku ya tatu, kapime.

*Nina homa, viungo vinauma balaa, malaria hakuna. Dukani wamenipa diklofenaki.*
Iweke pembeni kwanza. Hiyo inaweza kuwa dengue, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, na Dar tuliiona 2014 na 2019. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kutoka damu. Tumia parasetamoli peke yake, kunywa maji mengi, ukapime leo.

*Kaka yangu jino linamsumbua, tangu jana asubuhi kameza Panadol kama 16. Ila yuko fiti, anakula.*
Mpeleke hospitali sasa hivi. Siku ya kwanza mtu huonekana mzima huku ini likiharibika. Akisubiri macho yawe ya njano atakuwa amechelewa. Ipo dawa ya kuzuia sumu hiyo, asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema.

*Tunatoka. Tuseme nini tukifika?*
Semeni saa aliyomeza cha kwanza na cha mwisho, jumla ya vidonge, na kama alikunywa pombe. Bebeni pakiti zote, hata zilizo tupu.